Ngazi ya Fundi wa Makuti

Miaka kumi na mitatu nilikaa ofisi ya manunuzi ya hoteli moja kule Watamu, na katika miaka hiyo yote hakuna muuzaji aliyenichezea shere. Wa samaki, wa mboga, wa gesi, wa shuka, wote walipita mezani kwangu na wote waliondoka na karatasi yenye tarehe, kipimo na sharti la kuvunja mkataba. Walikuwa wakinisengenya kuwa hata salamu naiandikia risiti. Nasikia, nacheka, naendelea kuandika. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani niliingia shimoni kwa ujinga. Niliingia macho yangu makavu, tena nikiwa na kalamu mkononi.

Kisa chenyewe ni cha nyumba ya mama. Ni nyumba ya mawe ya zamani, Malindi mjini, vyumba vitano na juu yake dari, ile ghorofa ya wazi ya kupunga upepo, na juu ya dari paa la makuti. Mama alinizaa katika chumba kilichotazama kichochoro na akafia chumba hichohicho, nami nimemshika mkono. Tulibaki watatu: mimi na kaka zangu wawili wanaokaa Mombasa. Arubaini haijapita, wakaniambia nyumba iuzwe, kila mtu achukue haki yake, na mnunuzi wameshamwona. Nililia mbele yao, wala sioni haya kusema. Nikawaambia nyumba hii inaweza kujilisha, nipeni nafasi niifanye ya wageni. Wakanong'onezana, kisha yule mkubwa akasema watanipa msimu mmoja tu. Ikijisimamia, ibaki. Isipojisimamia, nisiwatie tena maneno.

Sikuwa na pengine pa kwenda. Kazi ya hoteli nilishaiacha nilipokuwa nikimuuguza mama, na mume sina. Basi nikakaza kibwebwe.

Nilimwendea wakala mmoja wa safari pale mjini, mtu wa ukoo wa Kihindi, ambaye babu yake alimkopesha nyanya yangu vitambaa. Tulijadiliana siku tatu. Yeye alitaka vyumba vyangu vyote kwa msimu mzima kwa bei ya kunichuna ngozi, mimi nikataka bei ya haki na nusu ya vyumba. Mwisho tukakutana katikati: vyumba vyote, bei ya wastani, na chakula cha jioni juu kwenye dari. Lakini aliweka sharti moja. Makuti ya dari yalikuwa yameoza, kunguru wakiingia na kutoka watakavyo. Akasema atakuja kukagua Alhamisi fulani aliyoitaja, na akikuta paa jipya atatia saini papo hapo. Asipolikuta, wageni wake atawapeleka nyumba nyengine jioni hiyohiyo, kwa sababu orodha ya nyumba lazima iende kwa kampuni inayoleta wageni. Hakulisema kwa ukali. Alinimiminia chai ya maziwa huku akilisema.

Makuti hayakunisumbua. Nilikwenda Kakuyuni kwa mama mmoja anayeshona makuti na wenzake, tukavutana kipimo. Nilitaka kila kuti liwe na urefu wa mikono miwili. Akauliza mikono ya nani, yangu au yake, maana yeye ni mfupi. Tukacheka, tukakata ufito mmoja tukaugawa, nusu kwake nusu kwangu, na kila kuti likapimwa kwa huo. Siku aliyoahidi, lori likasimama mwisho wa kichochoro na makuti yakashushwa kamili, makavu, yamebanwa vizuri. Nikajisifu moyoni. Nikasema kazi bado naijua.

Kilichobaki ikawa fundi. Wahenga hawakukosea waliposema penye miti hapana wajenzi. Mafundi wa makuti pwani hii ni wengi, lakini wa kuaminika unawahesabu kwa vidole, na wote wamefundwa na mzee mmoja, au wamefundwa na aliyefundwa naye. Mzee huyo ndiye aliyemwezekea mama mara tatu. Mama alikuwa akimpa kahawa na halua, na hakuwahi kumwandikisha kitu. Nikasema nitamchukua huyuhuyu, lakini mimi si mama.

Alikuja na bakora yake, akaamkiwa, akaketi barazani. Nikamsomea mkataba neno kwa neno: siku kumi za kazi, arubuni hii, na akikosa kuja kazini siku saba mfululizo mwenye nyumba ana haki ya kuleta fundi mwengine. Sharti hilo nililisoma mara mbili. Alisikiliza hadi mwisho. Alipokwisha tia saini, akasema, "Karatasi ni yako, mwanangu. Fatiha ni yetu sote." Tukainua mikono, tukasoma Fatiha, kama alivyofanya na mama. Kesho yake akaja na vijana wawili na ngazi.

Hapa lazima niieleze hiyo ngazi, maana asiyekuwa wa huku hataelewa. Fundi wa makuti akianza kazi, huisimamisha ngazi yake kwenye ukuta wa nje, upande wa njia, na hapo hubaki hadi kazi iishe. Mchana ipo, usiku ipo. Hakuna anayeiiba. Na maadamu ngazi ya fundi iko ukutani, hakuna fundi mwengine atakayegusa paa lile, hata umpe nini. Ni adabu yao. Ngazi huondolewa na mwenyewe, mbele ya watu, aidha kazi imekwisha au ametoa radhi mwenzake aendelee. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, kama ninavyojua jina langu. Ila nilipokuwa nikiandika lile sharti langu la siku saba, halikunijia. Hotelini ngazi zilikuwa za hoteli.

Wale watatu waliezua paa lote kwa siku mbili. Mzee alisimama darini na mti mrefu wenye kulabu, akivuta makuti ya zamani yanaanguka kwa vumbi jeusi. Vijana ndio waliokuwa wakipanda. Nilimwona hapandi, nikadhani ndiyo ukubwa wa kazi. Jioni ya pili dari ilibaki boriti na fito tupu, mbingu unaiona kama uko uwanjani. Mzee akaniambia kesho wanaanza kuezeka. Kesho hawakuja. Kesho kutwa hawakuja.

Nikampigia simu, ikaita hadi ikachoka. Nikatuma watu. Mmoja akasema mzee ana kazi Watamu, nikapanda gari hadi Watamu. Kazi kweli nikaionyeshwa: nyumba ya ufuoni iliyoezuliwa, na ngazi yake ukutani, na mwenye nyumba ananiuliza mimi mzee yuko wapi. Nikaambiwa ana kazi nyengine Gede. Gede nako ngazi ukutani, paa wazi, mzee hayupo. Lo! Mtu mmoja ngazi tatu, na mapaa matatu yanaota jua! Nilisimama pale Gede barabarani nikamtukana peke yangu hadi mwuza madafu akanisogezea kiti.

Siku saba zikapita. Nikatoa mkataba wangu, nikausoma, na kila neno lilikuwa upande wangu. Nikaenda nao kwa fundi wa Gede, mtu mzima mwenye vijana sita, kazi yake safi. Aliusoma pole pole, akaukunja, akanirudishia. Akasema yeye alifundwa na aliyefundwa na yule mzee, na kwamba karatasi hii anaiheshimu sana. Kisha akauliza kama ngazi imeshaondoka. Nikamwambia bado. Akaniambia niende salama, nimsalimie mzee.

Niliwaendea wengine wawili. Majibu yakawa hayo kwa hayo. Huko nyuma makuti yangu yamelala kichochoroni yanaanza kuingia panya, na kaka yangu mkubwa akanipigia simu kuuliza hali, sauti ina asali. Nikamwambia mambo yanakwenda. Nilipokata simu nikaiweka mikono chini ya mapaja kama mtoto aliyeiba sukari.

Jumatatu ya wiki ile ya ukaguzi nikaamua kwenda nyumbani kwa mzee na kukaa. Mkewe akaniambia hayupo. Kandambili zake zilikuwa mlangoni. Sikubishana. Nikamwambia nitamngoja, nikakaa barazani kwake tangu adhuhuri, na majirani wakipita nawaamkia mmoja mmoja kwa sauti ili ajue nipo. Alasiri akatoka. Alikuwa anatembea ameshika ukuta.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno makali ya kutosha kujaza debe. Badala yake nikasogea nimpe nafasi. Akaketi karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya chini kuwa yeye juu hapandi tena. Ni mwaka sasa. Akifika kidato cha tatu cha ngazi kichwa kinazunguka na magoti yanamwacha. Alikuwa akiwategemea wale vijana wawili, yeye chini anaelekeza, wao juu wanafunga, na watu hawakujua. Kisha hoteli ikawachukua wale vijana kwa mshahara wa mwezi, siku ileile waliyomaliza kuezua kwangu. Alitafuta wengine hakupata wa kumwamini kwa siri ile. Ngazi zake zikabaki kwenye kuta za watu, na kila akikumbuka kwenda kuzitoa, anaona watu wakimtazama.

"Nipe hadi Ijumaa, mwanangu," akasema. "Baada ya sala nitakuja na wenzangu wawili. Nitaitoa ngazi kwa mkono wangu, niseme mbele ya watu kazi nimemwachia yule fundi wa Gede uliyemwendea, kwa radhi yangu. Nisionekane nimefukuzwa."

Ukaguzi ulikuwa Alhamisi. Neno lilikuwa hapa, ncha ya ulimi. Alhamisi. Ni neno moja. Mimi niliyewahi kumwambia mwuza kamba wa baharini kutoka Mombasa usoni kuwa mizani yake ina dhambi, mimi niliyemrudisha mwuza mayai kwa mayai manne mabovu, nikashindwa kulitamka. Nilimwona mzee wa watu anaomba siku nne za heshima baada ya miaka hamsini ya kazi, nikafanya muhali. Huo muhali wetu, wa kuona haya kumkatalia mtu usoni, umemaliza watu pwani hii kuliko njaa. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Inshallah, Ijumaa." Akanishukuru. Mkewe akaniletea kahawa, nikainywa.

Nikarudi nyumbani nikampigia wakala. Nikamwomba siku tatu tu, hata mbili na nusu. Nilimwomba kwa roho ya babu yake. Akasikitika kweli, nilimsikia, lakini akasema orodha haiko mikononi mwake, na nyumba nyengine inangoja jibu. Jumanne alfajiri vuli ikafunguka. Maji yalishuka darini yakapenya sakafu, yakaja chumba cha mama, juu ya kitanda chake cha samadari, yakitona mahali pale alipokuwa akiweka kichwa. Nikaweka beseni. Likajaa. Nikaweka sufuria. Nilikaa sakafuni katikati ya vile vyombo nikalia kwa sauti, nikimlaumu mama kwa kufa, nikiwalaumu kaka zangu, nikimlaumu mzee. Wakala, ajabu, sikumlaumu.

Mvua ilipopisha, nilitoka nje nikaikamata ile ngazi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nikaishusha peke yangu, ikanichuna kiganja, nikaiburuta hadi uani nikaifunika turubali. Kichochoroni hakukuwa na mtu kwa sababu ya matope. Kisha nikampigia fundi wa Gede.

Aliniuliza mambo mawili tu.

"Mzee ametoa radhi?"

"Ametoa."

"Na ngazi?"

"Haiko ukutani."

La pili lilikuwa kweli. Lile la kwanza nililisema kwa sauti ileile niliyotumia miaka kumi na mitatu kuwaambia wauzaji kuwa bosi ameshakubali. Adhuhuri walifika saba na ngazi yao. Walifanya kazi Jumanne hadi magharibi, Jumatano kutwa kati ya manyunyu, na Alhamisi saa sita fundi wa Gede alifunga kuti la mwisho la kilele akateremka. Paa zuri, makuti yamekaribiana, hata mkono haupiti. Saa kumi wakala akaja. Alitazama juu, akatazama vyumba, akatia saini akiwa amesimama. Alipoondoka nikapiga kigelegele peke yangu pale darini, nikawapigia kaka zangu, na yule mkubwa akasema hongera kwa sauti isiyokuwa na asali tena.

Jioni ile nilikuwa na nafasi ya kwenda kwa mzee kumweleza. Miguu ilikuwa na nguvu. Uso wa kwenda nao ndio sikuwa nao. Nikajiambia labda hatatazama juu. Mtu mzima, nikajiambia hivyo.

Ijumaa asubuhi nikaitoa ngazi uani, nikaipangusa, nikaisimamisha ukutani kama ilivyokuwa. Baada ya sala akaja. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ina makali, kofia ya kazi ya mkono, na wazee wenzake wawili ubavuni. Majirani waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama. Mmoja wa wale wazee akainua kichwa kabla yake, akasema mashallah, kumbe umeshamaliza na hukutuambia, mkono wako haujazeeka. Wengine wakadakia, maana waliona vijana darini wiki ile wakadhani ni wake. Wakampa mkono mmoja baada ya mwengine, hongera fundi, hongera fundi, kazi ya zamani hii, hata wakala wa wageni jana Alhamisi kaikagua akatia saini. Naye akaupokea kila mkono, anaitikia, huku akilitazama lile paa. Aliangalia vifundo. Fundi huijua kazi yake kama mtu aijuavyo hati yake ya mkono, na ile haikuwa yake.

Akawaambia wenzake watangulie barazani, kahawa inakuja. Tukabaki sisi wawili chini ya ngazi. Nilikuwa nimeanza kusema neno, sijui lipi, labda mvua, labda mama. Hakuningoja.

"Ungeniambia ni Alhamisi, mwanangu," akasema, "ningekuja Jumanne."

Hakukasirika. Laiti angekasirika! Aligusa ngazi kwa kiganja, kama mtu anayemgusa punda wake, akaiacha palepale. Nikamwuliza kama nimtafutie mkokoteni wa kuipeleka. Akasema haina haja, hana pa kuipandia. Akaenda barazani akanywa kahawa moja na wenzake, akaniaga, akarudi kwake.

Alifariki kabla ya masika. Fundi wa Gede alikuwa ameshasikia ukweli muda mrefu, maana mji huu hauna siri, na alikuja mwenyewe kuniambia kuwa nyumba yangu haingii tena, wala vijana wake. Nilikwenda matangani, nikamwomba mjane anitolee neno la radhi kwa niaba ya marehemu, na aitume familia ije kuchukua ngazi. Alinipokea vizuri. Alinipa mahali pa kukaa karibu naye. Akasema mumewe amekufa hakulisema neno hilo la radhi, sasa yeye atasema nini, na ngazi ikabaki ukutani kwangu.

Sasa huu ni msimu wa nne. Mkataba na wakala tumeufanya upya kila mwaka, sharti ni lilelile, nami nilikuwa nikiviziba vitundu kwa turubali na kuomba asivione. Mwaka huu turubali halitoshi. Upande wa kusini makuti yameliwa, na chumba cha mama kimeanza kutona tena, mahali palepale. Kaka zangu wameuliza hali mara mbili mwezi huu. Nimewaita mafundi wa Mambrui, wa Kakuyuni, hata mmoja wa Kilifi nisiyemjua. Wote huja. Husimama kichochoroni, hutazama ngazi, huuliza ya nani. Ningeweza kuiondoa, nilishawahi kuiondoa, lakini sasa wanajua ilikuwapo, na kila mmoja akishajibiwa huniombea kheri na kwenda zake.

Jana wakala amepiga simu. Atakuja kukagua Alhamisi.